Maonesho ya sanaa Mwanza tuyahesabu kwa watu wanaoingia

Kila mwaka mwezi wa 6, ukienda makumbusho ya Wasukuma ya Bujora pale Kisesa wakati wa Bulabo, ile sikukuu ya ngoma, unakuta Bagika na Bagalu, makundi mawili ya wachezaji wanaoshindana, wako uwanja mmoja, kila upande na ngoma zake, wanapiga kwa wakati mmoja, na hakuna meza ya majaji wenye kalamu na karatasi. Watu wenyewe ndo majaji. Ukipendezwa na hawa unasogea kwao, wakikuchosha unahamia kwa wale, na mwisho upande uliojaza watu ndo umeshinda na hakuna wa kukata rufaa. Wasukuma wameurithi utaratibu huu tangu enzi za Ngika na Gumha, wale waganga wawili wa karne ya 19 waliokuwa wanashindana nani zaidi, na ni utaratibu uliowafanya wachezaji wabuni kila siku, wakaleta nyoka, wakaleta majembe ya kurusha juu, wakaleta wanasesere wa mbao wenye mikono inayochezeshwa, yaani chochote cha kumtoa mtu upande wa pili kilitafutwa kikaletwa uwanjani.

Nakumbusha hilo kwa sababu kila tukiongelea kituo cha sanaa cha jamii hapa Mwanza mazungumzo yanakimbilia kwenye jengo. Tupate jengo, tupate kuta nyeupe, tupate taa, mgeni rasmi aje akate utepe. Mimi naona jengo ni swali la mwisho. La kwanza ni nani anaingia, na akishaingia anaruhusiwa kufanya nini, anatazama tu anaondoka au anashika, anauliza, anakaa chini anajaribu mwenyewe. Kituo kikiwa na picha nzuri ukutani na wageni wale wale kila ufunguzi basi hicho ni kikundi cha marafiki, na hamna ubaya marafiki kukutana, ila tusikiite cha jamii na tusikiombee hela kwa jina la jamii.

Usukuma huu huu ulikuwa pia na sanaa ya kificho. Bayeye, wale wa chama cha nyoka, walikuwa wanachora kuta za ndani za nyumba walizofanyia mambo yao, picha za nyoka, picha za watu, na mtu wa nje alikuwa haingii. Tunazijua leo kwa kiasi fulani kwa sababu Hans Cory, Mwaustria aliyefanya kazi kwenye serikali ya kikoloni, alizinakili na kuzichapisha miaka ya 1950. Lakini angalia kilichokuwa kinafanyika mle ndani, mwanachama mpya alikuwa anafundishwa kwa zile picha. Mlango umefungwa, sawa, ila picha ilikuwa na kazi, picha ilikuwa inasomesha.

Kwahiyo tuna mifano miwili ya nyumbani kabisa. Bulabo mlango uko wazi kwa kila mtu na mtoto anajifunza kwa kusimama karibu. Kwa Bayeye mlango umefungwa lakini aliyeko ndani anafundishwa kweli. Maonesho mengi ya picha ninayoyaona mjini yamechukua mlango wa Bayeye halafu yakaacha mafundisho yao.

Nilishakwenda kwenye maonesho ya namna hiyo kwenye hoteli moja hapa, sitaitaja. Picha zilikuwa nzuri kweli, kuna moja ya mawe ya ziwani na mvua inakuja kwa mbali nilisimama mbele yake muda mrefu sana. Chini ya kila picha kulikuwa na kikaratasi, jina kwa Kiingereza na bei kwa dola, basi. Hamna neno moja la kumwambia mtu ule ukungu umewekwaje hadi unaonekana uko mbali wakati kitambaa chenyewe ni bapa. Nikamfuata msanii nikamuuliza, akanieleza kwa Kiswahili kitamu, kwamba anaanza na rangi nyepesi iliyochanganywa maji mengi, anaacha inakauka, anaweka tabaka jingine, halafu mawe ya mbele ndo anayapa rangi nzito na kingo kali, ya nyuma anayaacha yafifie. Muda mfupi tu nikawa nimepata somo zima. Somo hilo lilikuwepo mle ukumbini jioni nzima, liko kichwani kwa yule kijana, na watu walikuwa wanampita na soda mkononi bila kulipata, na hawana kosa maana hakuna aliyepanga walipate.

Halafu muda wenyewe. Maonesho yanafunguliwa Ijumaa jioni, mahali ambapo daladala haifiki, na mtu anayeishi Igoma au Buhongwa au Kishiri akitoka huko na watoto wawili nauli ya kwenda na kurudi inamfanya afikirie mara mbili, na akichelewa kurudi anaingia kwenye gharama ya boda. Na huyo bado ana nafuu. Mtu wa Mwaloni pale Kirumba, au wa mwalo wowote ziwani, kazi yake haifuati Ijumaa wala Jumamosi, inafuata mwezi. Dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza, wanaufuata mwanga, na mwezi ukiwa mkubwa taa inakosa nguvu, kwahiyo siku za mbalamwezi wavuvi wengi wa dagaa wanapumzika, nyavu zinatengenezwa, mitumbwi inazibwa, na wamama wanaoanika nao kazi inawapungua. Kila mwezi kuna siku kadhaa ambazo mwalo una nafasi na kila mtoto wa ziwani anazijua kwa kuangalia juu. Sijawahi kuona ratiba ya darasa la sanaa iliyopangwa kwa kufuata mbalamwezi, na kama kuna kituo kinataka watu wa mwaloni kwa dhati hapo ndo pa kuanzia, siku hizo hizo, mwaloni huko huko, na turubai la kivuli na karatasi.

Wala sio lazima mtu aifuate sanaa, yenyewe inaweza kumfuata alipo. Mwanza tuna stendi mbili kubwa, Nyegezi na Nyamhongolo, watu wamekaa pale masaa wanasubiri basi, macho yao hayana pa kwenda zaidi ya simu na matangazo. Kuna meli za kwenda Nansio kisiwani Ukerewe, abiria wanakaa ziwani masaa kadhaa hawana la kufanya, ukining'iniza picha kumi na tano mle ndani na kijana mmoja wa kuzielezea umepata watazamaji ambao ukumbi wa mjini hauwapati mwaka mzima, na wengine ni watu ambao hawajawahi kusimama mbele ya mchoro halisi wa mkono. Picha zitapata vumbi, zitaguswa, moja itachanika. Sawa, zipelekwe nakala, au zipelekwe zilizochorwa kwenye hadibodi kwa rangi ya mafuta, ambazo vumbi lake linafutika kwa kitambaa. Kuna wasanii wataona hii inashusha hadhi ya kazi zao, nawaelewa, ila sikubaliani nao.

Na tunao mfano mkubwa hapo ng'ambo tu. Sengerema mjini kuna sanamu ya kumbukumbu ya watu wenye ualbino waliouawa na kushambuliwa, baba amembeba mtoto mwenye ualbino mabegani, mama anamvalisha kofia pana, na majina ya waathirika yameandikwa. Halina mlango, halina kiingilio, anayepita na mkokoteni analiona na mwenye gari analiona. Kwa kanda yetu hii, iliyopitia yale mauaji na ambayo bado ina wazazi wanaowaficha watoto ndani, sidhani kama kuna kazi ya sanaa iliyosema jambo la maana zaidi hadharani. Sasa hivi Daraja la Kigongo-Busisi limefunguliwa, tangu 2025 hamna tena foleni ya kivuko pale, na bado sijasikia shule za mjini zikiwapeleka watoto kulisoma lile sanamu kama somo, waulizwe kwanini mchongaji kaweka kofia mkononi kwa mama, kwanini baba hana ualbino na mtoto anao, kwanini mtoto yuko juu kuliko wote.

Hapo nimegusa jambo ninalotaka nikae nalo kidogo, maana tukisema sanaa iwafikie wote watu wanafikiria kiingilio tu. Mtu mwenye ualbino mara nyingi ana uoni hafifu na mwanga mkali unamuumiza macho. Weka picha ndani ya fremu ya kioo ukutani panapopigwa na jua la dirishani, yeye anaona mng'ao tu. Andika maelezo kwa herufi za kitabu cha Biblia, hayasomi. Fundisha darasa la nje saa 6 mchana pasipo kivuli, umemhatarisha ngozi. Tiba yake haina gharama, herufi kubwa nyeusi juu ya karatasi isiyong'aa, picha bila kioo, ruhusa ya kusogea hadi pua iguse karibu bila mlinzi kukemea, na darasa la nje lifanyike chini ya mti asubuhi au jioni. Misungwi hapo kuna Shule ya Msingi Mitindo, inapokea watoto wasioona na wenye ualbino pamoja na wengine, kwahiyo hatuongelei watu wa kufikirika, ni watoto wako umbali mfupi tu toka mjini.

Kwa asiyeona kabisa picha ya ukutani haina msaada, lakini chungu kina msaada, kigoda kina msaada, ngoma ina msaada, na huku kwetu ndo sanaa zenyewe tulizonazo kwa wingi. Kinachokosekana ni meza moja yenye vitu vya kushika, na mtu wa kusema shika. Kila mahali tumejaza vibao vya usiguse. Kwa kiziwi ni mkalimani wa lugha ya alama siku ya ufunguzi na siku za darasa, na huyu analipwa, lazima awe kwenye bajeti tangu mwanzo, asikumbukwe asubuhi ya tukio. Na mji wetu huu wa mawe na vilima ndo usiseme, majengo mengi unapanda ngazi kabla hujaona mlango. Mteremko wa kiti mwendo unaotakiwa ni kila sentimita 1 ya kupanda ipewe urefu wa sentimita 12, maana yake vingazi viwili vyenye sentimita 30 kwa pamoja vinahitaji kama mita 3.6 za mteremko, sio ule ubao mfupi wanaouegesha mlangoni mtu anasukumwa kwa nguvu kama gunia. Na akiingia, picha nyingi zinatundikwa katikati yake ikiwa kama mita 1.5 toka sakafuni, hilo ni jicho la mtu mzima aliyesimama. Shusha kidogo, mwenye kiti ataona na watoto wote wataona.

Hivi vitu vimefanyika Tanzania hii hii. Iringa kuna Neema Crafts, ilianza 2003 chini ya Kanisa Anglikana, watu wenye ulemavu ndo mafundi wenyewe, wanatengeneza karatasi, wanafuma, wanashona, na ukienda mgahawani kwao wahudumu viziwi wanakuhudumia na wewe mgeni ndo unajifunza ishara. Yaani mwenye ulemavu pale ndo anayekutengenezea na ndo anayekufundisha.

Tuje kwenye shule. Mtaala mpya ulioanza 2024 una somo la Sanaa na Michezo msingi, na mimi nililifurahia sana hilo, ila kitabu cha somo hakichori. Mwalimu mwenye watoto themanini darasani, ambaye yeye mwenyewe hakuwahi kufundishwa kushika brashi, atafanya nini? Ataandika ubaoni aina za rangi, watoto wataandika, mtihani utauliza taja rangi tatu za msingi, watajibu, watapata vema. Watakuwa wamejibu na hakuna aliyewahi kuchanganya bluu na njano akaona kijani inatokea mbele ya macho yake. Hapa ndo naona kazi kubwa kuliko zote ya kituo cha mtaa, kufundisha walimu kabla ya kufundisha watoto. Mwalimu mmoja akitoka pale anajua kufundisha kivuli na mwanga kwa mkaa na yai la kuku juu ya meza, watoto themanini wa mwaka huu wamepata, na wa mwakani, na wa mwaka unaofuata. Na bahati tuliyonayo ni kwamba Chuo cha Ualimu Butimba kiko hapa hapa na kina historia ndefu ya kuandaa walimu wa sanaa na muziki, wengi wako mitaani na wengine wamestaafu wana muda.

Watu watauliza vifaa. Vifaa ndo kisingizio tunachokipenda kuliko vyote. Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 alikuwa na vipande vya hadibodi na rangi ya baiskeli, rangi ile ile ya mafuta inayouzwa dukani, na ule mng'ao tunaoujua leo ulitokana na hiyo rangi. Alifariki 1972, miaka minne tu, na shule yake ilikuwa ni ndugu na vijana wachache waliokaa pembeni yake wakaangalia mkono unavyokwenda. Kanvasi ya kuagiza haikuhitajika. Sisi tuna mkaa, tuna chokaa, tuna maboksi, tuna udongo wa ufinyanzi, tuna gugu maji linalotusumbua ziwani tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 na ambalo likikaushwa vizuri linasukwa vikapu na mikeka. Na walimu wa vitendo wamejaa, mafundi bati wa Makoroboi wanaokata na kukunja bati bila mchoro, vijana wanaoandika majina na maua kwenye mitumbwi, wachora mabango wanaokupigia herufi kubwa ukutani zikalingana bila rula ndefu. Sijui kwanini kituo kikitafuta mkufunzi kinaagiza toka Dar.

Ukweli ni kwamba karibu kila kitu cha sanaa kiko pwani. Chuo cha Sanaa cha Bagamoyo kilianza 1981, leo ndo TaSUBa, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Nafasi Art Space, kituo cha wasanii, iko Mikocheni Dar tangu 2008. Kijana wa Mwanza anayetaka kusoma vizuri anapanda basi zaidi ya kilomita 1,000, wakati mkoa wake una watu karibu milioni 3.7 kwa sensa ya 2022 na wilaya mbili za mjini, Nyamagana na Ilemela, peke yake zimepita milioni moja. Bujora ipo, padre David Clement na wazee wa Kisukuma waliijenga kwa moyo na inatunza vitu ambavyo vingekuwa vimeshapotea, ila iko kama kilomita 20 toka mjini na kazi yake ni nyingine, tusiibebeshe kila kitu.

Sasa hela. Wasanii wenzangu wengine wanasema ukifundisha bure na kuonesha bure unaua soko, nani atanunua. Mimi naona ni kinyume, mtu hanunui kitu ambacho hakijui, na mzazi ambaye mtoto wake amechora ndo anayeanza kuelewa kwanini picha inachukua wiki mbili na kwanini ina bei. Nyumba ya Sanaa ya Dar, aliyoianzisha Sista Jean Pruitt mwaka 1972, ilikuwa inafundisha vijana, inawapa kazi na inauza kazi zao mahali pamoja, na humo ndimo alimopita George Lilanga, mchoraji na mchongaji ambaye dunia ilikuja kumjua. Ilikufa kwa sababu nyingine, ilikaa kwenye kiwanja cha katikati ya mji ambacho thamani yake ilipanda, na leo pale hakuna tena Nyumba ya Sanaa. Kwahiyo anayeanzisha kituo Mwanza aulize hati ya kiwanja ni ya nani kabla hajauliza rangi ya ukuta, na kama hana kiwanja aombe ukuta kwenye maktaba ya mkoa au kwenye jengo la umma ambalo hakuna wa kulihamisha.

Halmashauri zina mkopo wa asilimia 10, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu, hauna riba, ila ni mkopo na unarudishwa, kwahiyo unamfaa anayesuka vikapu vya kuuza na haulifai darasa la bure la watoto. Watu wengi wanachanganya hapo, wanakopa kuendesha darasa, wanashindwa marejesho, wanafunga. Darasa liingie kwenye bajeti ya utamaduni ya Jiji na ya Ilemela, kifungu chake, hata kikiwa kidogo cha karatasi, chokaa, nauli ya mkufunzi na posho ya mkalimani wa alama.

Na aliyepewa hiyo hela awe na daftari la wageni lenye safu moja ya ziada, mtaa anakotoka mtu. Kila baada ya miezi mitatu zile namba zibandikwe mlangoni, Capri Point wangapi, Mabatini wangapi, Igoma wangapi, Mwaloni wangapi, wenye ulemavu wangapi, na mtaa ambao haujaleta mtu hata mmoja ndo maonesho yanayofuata yafanyike huko.